Inchi Kumi na Nne

Futi yangu huingia kwanza, kisha mkono, kisha kichwa.
Kina: inchi kumi na nne. Napima tena.
Kumi na nne, na plasta inanidondokea shingoni.
Henga ya kawaida ina inchi kumi na saba,
kwa hiyo makoti ya Bibi Verona Hudak
yamesimama upande upande humo ndani
kama watu kwenye lifti wasiosalimiana,
na mlango haujafungika, anasema,
tangu mwaka alioacha kuvaa viatu vya kisigino.

Nyumba ni ya matofali, ina zaidi ya miaka mia,
imeung'ang'ania mlima huu wa Pittsburgh kwa kucha.
Wahenga walioijenga hawakuwa na henga.
Walikuwa na gauni la kazi na gauni la kanisa,
moshi wa tanuri za chuma ulioingia bila hodi,
na kulabu sita kwenye ubao mmoja.
Sita tu. Nyumba nzima.

"Lipanue," anasema. "Vunja ukuta wa nyuma."
Nagonga kwa vifundo vya vidole.
Ukuta unajibu kwa sauti nene, sauti ya shibe:
dohani imepita hapo, tofali juu ya tofali,
toka stoo ya makaa hadi paani.
Huyu hahami, Bibi, namwambia.
Anaitazama dohani asiyoiona
vile vile anavyomtazama dada yake.

Maana hilo ndilo jambo lenyewe: dada.
Justina, miaka sabini na tisa, nyonga mpya,
ameletwa Jumapili na masanduku kumi na moja.
Kofia tatu za manyoya. Cherehani.
Mapazia ya nyumba ambayo hana tena.
Ameketi kitandani, mkongojo magotini kama bunduki.
"Mimi sihitaji nafasi," anasema,
na kila asichokihitaji anakikunja vizuri,
anakiongeza juu ya rundo.

Nyumba njema si mlango; fungua uingie ndani.
Haya, nimeingia.
Ndani panavukiza dawa ya nondo na sabuni ya kale.
Nang'oa ubao wa kulabu niupige msasa,
ndipo wote wawili wanapaza sauti pamoja:
"Ya nne ni yangu!"

Ya nne. Shaba imelika upande wa kushoto.
Verona alitundika hapo sare ya shule.
Justina anasema sare ilikuwa yake kwanza,
Verona aliirithi,
na kulabu haikuwamo kwenye urithi.
Wanabishana kwa Kislovakia, kisha kwa Kiingereza,
kisha kwa ile lugha ya tatu ya ndugu,
ambayo ni kuvuta pumzi tu na kugeuza uso.
Nasubiri. Nalipwa kwa saa.

"Tulikuwa sita," Justina ananiambia mimi, si yeye.
"Na mlango ulikuwa ukifungika."

Basi sikuweka fimbo ya kwenda kushoto kulia.
Nimeweka mbili fupi, toka ukuta wa nyuma hadi mlangoni,
makoti yanakukabili uso kwa uso, foleni mbili,
la mbele la Verona, la mbele la Justina,
nani atatangulia si kazi ya seremala.
Juu, rafu ya mwerezi, ya kofia mbili
(ya tatu nimeikuta kichwani mwa Verona, sikuuliza).
Chini, droo ya viatu yenye magurudumu.
Ule ubao nimeurudisha, nje, kando ya fremu.
Kulabu tano nimezing'arisha.
Ya nne nimeiacha na weusi wake.

Mapazia hayakuingia. Cherehani haikuingia.
Mlango unafungika ukiusukuma kwa nyonga,
nyonga ya zamani,
si ile mpya.